Neno la Waliotoka Sinema

Verediana aliposema kwamba Jumatatu angeondoka kwa lori la kaka yake kwenda kwa mama yao Kalenga, Iringa, Bartholomeo hakumwuliza angerudi lini. Aliogopa jibu. Mtoto wao pekee, Kalista, alikuwa amekufa kwa surua mwezi wa tatu, na tangu hapo nyumba yao ya Soweto, mjini Mbeya, ilikuwa na watu wawili waliokula pamoja na kulala pamoja bila kuwa na la kuambiana. Jumatatu ikipita hivihivi, mkewe angebaki hukohuko Iringa.

Bartholomeo alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuwa na imani na maneno matamu. Aliamua jambo moja tu: Jumapili ampeleke mkewe sinema. Kabla ya kupata mtoto walikwenda mara kwa mara, na Verediana alikuwa akicheka kwa sauti hadi waliokaa mbele wakageuka kumtazama. Alitaka kukisikia kicheko kile kabla lori halijaondoka. Kwa hiyo ilikuwa lazima picha iwe nzuri, na hakutaka kubahatisha.

Wiki ile ilionyeshwa picha ya Kihindi. Kwenye ubao wa nje alichorwa kijana juu ya baiskeli, mdomo wazi, na chini yake maneno: nyimbo, mapigano, vichekesho. Bartholomeo hakuuamini ubao. Maneno hayo yaliandikwa kila wiki, na mwenye tiketi za kuuza si shahidi. Alihitaji watu ambao hawakuwa na faida yoyote picha ikisifiwa.

Shahidi wa kwanza alikuwa Edmund, kaka yake Verediana, dereva wa lori kati ya Iringa na Mbeya. Picha zilipita Iringa kabla ya kufika Mbeya, na Edmund alikuwa ameiona.

"Kali hiyo, shemeji," alisema. "Yule stelingi ana vituko. Mbavu ziliniuma."

Ushahidi huo ulimpa moyo, lakini Edmund alikuwa mtu wa kusifu kila kitu, hata maharage ya hoteli za njiani. Jumamosi alasiri Bartholomeo akaenda kusimama ng'ambo ya barabara, mbele ya jengo la sinema, akangoja watu watoke.

Wanaume walitoka wakibishana juu ya mapigano. Hao aliwaacha. Aliwatazama wanawake, kwa kuwa picha alikuwa akimchagulia mwanamke. Wengi walikuwa Wanyakyusa. Walitoka polepole, wamejifunika kanga kwa ajili ya baridi, wengine wameshikana mikono, na neno lilikuwa moja: "Ndaga fijo." Mwingine akaitikia, "Ndaga." Wachache walijifuta macho, jambo ambalo alilielewa: walikuwa wametoka gizani kuingia kwenye jua na vumbi.

Kinyakyusa chake kilikuwa kidogo, lakini neno hilo alilijua. Alijibiwa ndaga sokoni alipolipa, na Tusekile, jirani yao, alimwambia ndaga fijo kila aliporudisha jembe aliloazima kwao. Ndaga ni asante, fijo ni sana. Watu wanaoshukuriana namna ile wakitoka sinema, ushahidi gani zaidi ulihitajika? Hata hivyo alimwendea mama mmoja, akamwuliza kama picha ilikuwa nzuri.

"Nzuri sana, baba," alijibiwa. "Nenda ukaone."

Jumapili walitoka kanisani, wakala, wakaingia kwenye onyesho la saa nane. Mwanzoni mambo yalikwenda kama alivyopanga. Stelingi alianguka na baiskeli kwenye dimbwi la tope mbele ya baba wa mchumba wake, ukumbi mzima ukacheka. Verediana hakucheka, lakini alitoa pumzi fupi puani, na kona ya mdomo wake ikasogea. Bartholomeo alikuwa akimtazama yeye zaidi ya picha.

Baada ya mapumziko stelingi alikuwa ameoa na ana binti mdogo. Binti akapata homa. Mama yake akachovya kitambaa kwenye bakuli la maji, akakikamua, akamwekea kwenye paji la uso. Bartholomeo akajua kitakachofuata. Akamwinamia mkewe, akamnong'oneza waondoke.

"Kaa," alisema Verediana, bila kugeuka.

Wakakaa hadi mwisho. Mtoto alikufa taratibu, kwa wimbo mrefu, na ukumbi ukalia bila aibu. Verediana hakulia. Alikuwa ameupakata mkoba wake kwa mikono miwili, akatazama mpaka taa zikawashwa.

Walipokuwa wakitoka, mwanamke wasiyemjua alimshika Verediana mkono, akasema, "Ndaga fijo, mama." Verediana akaitikia, "Ndaga," kama mtu aliyezoea. Nje, waliosubiri onyesho la jioni walikuwa wamepanga mstari, na msichana mmoja akamwuliza Bartholomeo kama picha ni nzuri. Alifikiri, akaamua kumpa lililo hakika.

"Mtoto anakufa," alisema.

Msichana akamgeukia mwenzake kwa furaha. "Si nilikwambia inaliza?" Wakasogea mbele, wasije wakakosa nafasi.

Walitembea kurudi Soweto. Njiani Verediana alimwuliza ni nani aliyemwambia picha ile ni nzuri. Bartholomeo alimweleza yote kwa mpangilio: ubao, Edmund, wanawake waliotoka Jumamosi, na kwa nini aliwaamini. Mkewe alimsikiliza kwa uchovu, asimkatize.

"Walisema ndaga?"

"Ndaga fijo. Asante sana."

"Ni asante," alisema Verediana. Wakapiga hatua kadhaa. "Ni pole pia. Siku za msiba Tusekile na wenzake walikaa na mimi chini, mkekani. Kila aliyeingia alisema hivyo. Ndaga fijo, Mama Kalista. Hukusikia?"

Bartholomeo alikuwa amekaa nje na wanaume. Alishughulika na jeneza, gari, na viti vya kanisa vilivyotakiwa kurudishwa. Chumba kile hakuingia hata mara moja.

"Sikusikia," alisema, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kweli.

"Na wewe, tangu tumzike, huniiti Mama Kalista."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Siku ya pili baada ya mazishi alirudia kumwita Verediana, akikadiria kwamba jina la mtoto lingemwumiza. Alikadiria tu, hakumwuliza. Wala hakumpa pole. Alichukulia kwamba wafiwa wawili hawapeani pole, pole huja na wageni.

Jumatatu asubuhi lori lilikuwa limepakia viazi. Edmund aliuliza habari za picha.

"Ulisema mbavu zilikuuma," Bartholomeo alimwambia. "Na mwisho je?"

"Mwisho sikuuona, shemeji. Mapumziko nilitoka, tajiri mwenye gari alitaka liondoke. Kwani iliishaje?"

Bartholomeo aliinua begi la mkewe, akampa ndani ya lori alipokuwa ameketi. Alishika mlango wa lori bila kuufunga.

"Ndaga fijo, Mama Kalista," alisema.

Edmund akacheka. "Shemeji kawa Mnyakyusa! Unamshukuru dada yangu kwa kuondoka?"

Verediana alimwambia kaka yake asiwashe gari kwanza. Alimtazama mumewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia alfajiri, peke yake, jikoni, na mumewe alimsikia.

"Shule mnafunga lini?"

"Mwanzoni mwa mwezi wa sita."

"Basi njoo Kalenga."

"Tutarudi pamoja?"

"Njoo kwanza," alisema, akauvuta mlango mwenyewe.

Lori likashika njia ya Uyole. Bartholomeo alirudi nyumbani kwa miguu. Tusekile alikuwa akipalilia karibu na ua, kwa jembe lake mwenyewe safari hii. Akauliza kama mama ameshaondoka. Bartholomeo akasema ndiyo.

"Ndaga, mwalimu," alisema Tusekile.

Siku nyingine angelichukua neno hilo kuwa la jembe, akapita. Alisimama, akavua kofia.

"Ndaga," akaitikia.