Mawifi Kwenye Maporomoko

Safari ile ilipangwa na mume wa fundi cherehani. Alikuwa amechoka kukaa katikati ya mkewe na dada yake, watu wawili waliosalimiana vizuri tu, wakaulizana habari za nyumbani, kisha kila mmoja akamgeukia yeye. Basi akasema Jumapili waende wote watatu kuona maporomoko ya maji ndani ya msitu, mwendo wa saa moja kutoka getini. Asubuhi yenyewe akapigiwa simu kutoka kiwanda cha uchapaji: mashine imekwama, aje upesi. Fundi alimtazama akiondoka, akahisi kama kategwa.

Wakaenda wawili. Robo saa ya kwanza walizungumzia hali ya hewa mpaka ikaisha. Wifi yake, karani wa posta aliyebakiza miezi miwili astaafu, alitangulia kwa hatua za mtu anayewahi foleni. Fundi alifuata taratibu, akifurahia ubaridi na harufu ya majani mabichi. Wiki nzima alikuwa amenusa mafuta ya cherehani tu.

Kwenye mteremko wa mwisho soli ya kiatu cha karani ikabanduka. Viatu vilikaa kabatini miaka, gundi ikakauka. Akasimama kwa mguu mmoja, kashika mti, uso umemshuka. Fundi akapapasa shingoni, akakuta utepe wake wa kupimia nguo unaning'inia chini ya mtandio; ameuzoea hata hakumbuki kuuvua. Akapiga magoti, akakizungushia kiatu mara tatu, akakaza fundo.

"Sasa wifi, mguu wako una namba," alisema. "Ukipotea tutajua umepotea sentimita ngapi."

Karani akacheka, kicheko cha tumboni ambacho fundi hakuwahi kukisikia katika miaka kumi na mmoja ya uwifi wao.

Maji yalianguka kutoka kwenye mwamba mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Walitumbukiza miguu, wakala ndizi na mayai ya kuchemsha. Kwa ngurumo ya maji hapakuwa na kusikilizana. Karani alisema jambo, tena jambo refu, macho kwenye maji. Fundi hakuambulia neno. Aliona haya kumwomba arudie, akaitikia kwa kichwa, mara mbili.

Walipokuwa wakipanda kurudi, karani akauliza, "Basi nianze Jumamosi hii?"

"Uanze nini, wifi?"

Karani akasimama. "Si umekubali kunifundisha kushona? Nimekueleza yote pale. Nikistaafu sitaki kulala nahesabu boriti."

Fundi alitafuta pa kujificha, hakupaona. "Kusema kweli sikusikia hata neno. Yale maji."

"Na ukakubali?"

"Niliona unasema kwa moyo."

Karani akaanza tena kupanda. "Na ungesikia?"

"Ningekubali vilevile. Ila uje saa tatu, kabla wateja hawajajaa. Na utaanza na kupinda shuka. Magauni baadaye sana."

Walifika getini jua bado liko juu, karani akiuliza cherehani ya kukanyaga na ya umeme ipi humfaa anayeanza. Fundi alimweleza kwa kirefu, akitamani njia ingeongezeka kidogo.