Jogoo wa Banda la Tatu

Trei ya kumi na moja ilitoka kwenye mashine ya kuangulia ikiwa moto bado. Mchambuaji akaiweka mezani, akamkaza mtoto mgongoni, akaendelea: vifaranga weusi kulia, weupe kushoto. Kiwanda kiliuza mbegu ya kuku weusi tii. Mweupe akitokea, alijaziwa kadi ya kizazi yenye rangi yake, mama yake na baba yake, kisha akauzwa kwa bei ya kutupa.

"Naomba ruhusa mpaka saa nane," alimwambia msimamizi. "Leo ni siku ya tisini. Nisipomwandikisha mtoto leo, ni faini na mahakama."

"Nenda. Ila nusu siku yako imekwenda na maji."

Kilichompeleka hakikuwa cheti tu. Mumewe, mchomeleaji vyuma, alikuwa na bima ya kazini, na bima haikumtambua mtoto asiye na jina la baba kwenye cheti. Bila bima, mafuta ya kukinga ngozi na jua yangebaki kutazamwa dirishani mwa duka la dawa. Mtoto alikuwa amezaliwa na ualbino.

Katika ofisi ya vizazi na vifo, mumewe alikwisha kufika, ameketi benchini na mama yake. Tangu mtoto azaliwe alikuwa amehamia kwa mama huyo, eti ni karibu na kazini.

Karani akamtazama mtoto, akamtazama baba, akarudi kwa mtoto.

"Wazee walisema kitanda hakizai haramu," alisema. "Lakini fomu yangu haina kitanda, mzee. Ina mahali pa sahihi. Unatia au hutii?"

Watu benchini wakacheka. Mume akaishika kalamu, asiandike.

"Baba watoto, nisikilize," mchambuaji alisema taratibu. "Bwana mifugo alitufundisha kazini. Kila kifaranga hupokea chembe mbili za rangi, moja kwa baba, moja kwa mama. Ya weusi ina nguvu. Ikiwepo hata moja, inaifunika ya weupe. Kwa hiyo jogoo na tetea wote wanaweza kuwa weusi kama sufuria, na kila mmoja amebeba weupe asioujua. Zikikutana zile mbili zilizofichika, kifaranga anatoka mweupe. Mmoja kwa kila wanne hivi. Nawachambua kila siku."

"Kwa hiyo mimi jogoo?"

"Na mimi tetea. Na kwa binadamu hali hii inakwenda vivyo hivyo. Nusu imetoka kwako, nusu kwangu. Hakuna aliyemkosea mwenzake."

Uso wa mume ulikuwa wa mtu anayetamani kuamini.

"Mama," akauliza, "kwenu au kwa baba, aliwahi kuzaliwa wa namna hii?"

Mwanga wa jua ulikuwa ukiingia dirishani moja kwa moja. Mama mkwe, pasipo kuambiwa na mtu, akanyoosha mkono, akaikunja nguo ya mtoto, akaivuta mbele ya paji la uso mpaka kivuli kikayafunika macho. Alifanya hivyo upesi, bila kutazama, kama afungaye mlango wa nyumba aliyoizoea.

"Kwetu?" alisema. "Kwetu sisi ni weusi tii tangu babu wa babu."

Mume akaiweka kalamu mezani. "Mama yangu hawezi kunidanganya," alisema, akatoka.

Karani akachukua rula, akapiga mstari mahali pa baba. Ulikuwa mstari ulionyooka vizuri sana.

Mchambuaji alimkuta mama mkwe mlangoni.

"Mama, nani mwingine ulimfunika macho hivyo?"

Bibi yule alitazama viatu vyake. "Mdogo wangu. Nilimbeba mimi. Jua lilimla ngozi, hakufika miaka kumi. Baba alitukataza kumtaja."

"Rudi ukamwambie mwanao. Hajafika mbali."

"Nikisema, mume wangu atasema damu mbaya niliingia nayo mimi. Uzee huu nitaupeleka wapi, mwanangu?"

Akamgusa mtoto unyayo, akaenda zake.

Trei za mchana zilikuwa zinasubiri. Katika ya pili alitokea mweupe mmoja, akitetemeka katikati ya wenzake. Mchambuaji akajaza kadi. Rangi: nyeupe. Mama: tetea wa banda la tatu. Hapo kalamu ikasita.

"Usiache mahali pa baba wazi," msimamizi alimkaripia. "Hujui kanuni? Hapa kila kifaranga ana baba, awe mweusi, awe mweupe."

"Najua," alisema. Akaandika: jogoo wa banda la tatu.

Msimamizi alipompa kisogo, alivuta kadi nyingine tupu. Rangi: nyeupe. Mama: akaandika jina lake. Baba: akaandika jina la mumewe, lote, pamoja na la babu. Akaikunja kadi, akaitia ndani ya nguo ya mtoto, akauvuta ukingo wa nguo hiyo mbele ya macho yake kama alivyoona ikifanywa asubuhi, kwa kuwa jua lilikuwa limefika dirishani.

Jioni msimamizi alihesabu kadi, akahesabu tena.

"Moja imepungua. Niandike imeharibika?"

"Haikuharibika," mchambuaji alijibu, akinawa mikono. "Imejazwa."