Funda la Mable

Tangu kaka yake aharibikiwe, Mable alikuwa na sala moja tu kila alfajiri. Hakumwomba Mungu amuue Kitheka. Alimwomba amfichue mbele ya watu, na Kitheka mwenyewe ajue kwamba watu wamejua.

Kaka huyo, Mwandawiro, alikuwa fundi cherehani wa kutegemewa pale Voi. Siku moja alikwenda kunywa kilabuni kwa Kitheka, muuza pombe. Jioni hiyo mwili ulimwaka moto bila tone la jasho, kinywa kikamkauka, mboni zikapanuka hadi macho yakawa meusi matupu. Aliongea na baba yao aliyekwisha kufa, akawa anachuma nyuzi hewani ambazo hakuna mwingine aliyeziona. Kisha akazimia. Daktari alisema pombe ile ilitiwa mmea unaovuruga akili, na ubongo ulikosa hewa alipokuwa amezimia. Sasa alishinda kibarazani akivuta uzi usiokuwepo. Ukimpa sindano, anakuuliza ni ya nini.

Mable aliujua mmea wenyewe. Nyuma ya kilabu cha Kitheka ulistawi mnanaha, wenye maua meupe marefu na matunda ya miiba. Lakini Kitheka alikana.

"Dada, ndugu yako hajui kunywa, basi," alimwambia. "Mnanaha hata siujui unafananaje."

Wateja walipoanza kumkimbia, Kitheka alikwenda Mwatate kwa Mjomba Titus, ndugu wa mama yake Mable, kuomba suluhu. Mjomba akakubali. Akamwagiza Mable atengeneze mbangara, pombe ya miwa, wapate kutasa.

Kwa Wadawida, kutasa ni kutoa hasira moyoni. Aliyekosewa hupiga funda, hutamka amani, kisha hulipuliza nje, na hasira hutoka nalo. Ukishapuliza umemaliza, huligusi tena jambo lile hata kwa kunong'ona. Hilo ndilo lililomnyima Mable usingizi. Amani ya bure kwa mtu yule?

Alipiga magoti, akasali. Alipoinuka alipasua pilipili hoho, akazikaanga mbegu zake mpaka zikawa kahawia kama za mnanaha, akazitia kwenye mbangara. Asiyeujua mnanaha angeona takataka tu, angezisogeza kwa kidole na kunywa. Na Kitheka akinywa, Mable angelazimika kupuliza. Alimwahidi Mungu hivyo.

Jumamosi ndugu na majirani walijaa uani kwa Mjomba, na Mwandawiro akaketishwa kibarazani. Kitheka alikuja na koti lake la harusi.

"Dada Mable, hii umepika au umeniloga?" Watu wakacheka.

"Onja, jirani. Wewe ndiye mwenye kazi yake."

Mkosaji ndiye aliyetakiwa kuanza kunywa. Kitheka akainua kata hadi mdomoni, ikaishia hapo. Akachungulia ndani, akaishusha polepole.

"Tumbo langu leo halitulii."

"Tumbo la muuza pombe?" akasema Mbula, jirani yao. "Funda moja tu, baba. Wateja wako wanamaliza mitungi."

"Nimesema siwezi."

"Kwani kuna nini ndani?" Mable aliuliza kwa upole.

"Unaniuliza mimi? Mnataka kuniua?" Sauti ilimpanda. "Hizi mbegu ukinywa unakauka koo, unarukwa na akili, unaongea na wafu! Mnanaha huu, mnafikiri mimi siujui?"

Mbula alisogeza kiti chake mbali naye. Kule kibarazani Mwandawiro aliendelea kuvuta uzi wake.

Mable alifungua fundo la leso, akatoa ganda la hoho lililobaki, akaliweka miguuni pa Kitheka.

"Ni hoho tu, jirani. Ya shambani kwa mjomba."

Kitheka alilitazama lile ganda. Macho yake yakatafuta lango. Vijana wa Mjomba walikuwa wamekwisha kusimama hapo.

Moyoni Mable alimshukuru Mungu. Akaiokota kata, akapiga funda kubwa, mbegu na vyote. Mashavu yakamjaa.

"Puliza, mwanangu," Mjomba akasema kwa sauti ya kusihi. "Puliza tumalize."

Mable akamtazama kaka yake. Akamgeukia Kitheka, akahakikisha anamwona vizuri, akameza.

"Bado, mjomba," akasema, akajifuta mdomo. "Mimi sijamaliza."