Mpaka Unyamaze

Kaka yangu wateja walimwita Milimita, na jina hilo halikumchukiza hata kidogo. Fremu ya kioo ikiwa na uwazi kwenye pembe, hata wa kupitisha ukucha tu, aliivunja mbele ya mteja na kuanza upya, na mimi niliyeshinda naipiga msasa nikabaki nimenuna. Ndivyo alivyokuwa baba pia, aliyetuachia karakana hii, msumeno wa umeme wa kukatia pembe, na sheria moja.

Msumeno wenyewe hugeuzwa kushoto na kulia, na pia hulazwa, ili ubao ukatwe mshazari kwa upana na kwa unene kwa mkupuo mmoja. Ukikosea kidogo, pembe hazikutani. Ukizembea, vidole vinabaki mezani. Kwa hiyo baba alitufundisha: bana ubao kwa klampu, mkono wa pili uwe mbali, acha diski, lile duara la meno, ishike kasi ndipo uishushe, ukimaliza achia swichi, na usiuinue msumeno wala kugusa kitu mpaka unyamaze. Macho yanadanganywa, alisema, diski iendayo kasi huonekana kama imetulia, sikio halidanganyiki. Ndiyo maana humu hatukuvaa vifunika masikio hata siku moja. Miwani tulivaa, lakini tungemtii vipi baba tukiziba masikio?

Wifi yangu ndiye aliyeanza kulalamika. Alisema mumewe siku hizi ana maringo, anaitwa haitiki, na redio anaifungulia mpaka majirani wanagonga ukuta. Nilimcheka. Nikamwambia huyo amezaliwa na maringo yake, wewe umechelewa tu kuyaona.

Kisha ikaja kazi ya fremu kubwa ya kioo cha saluni, yenye kingo za mlazo. Kaka alikata, akaachia swichi, na diski ikiwa bado inapiga mluzi akauinua msumeno na kupeleka mkono kwenye kipande kilichokatika. Meno yalikiwahi kipande kabla ya vidole vyake. Kiliruka, kikanipita karibu na shavu, kikapasua dirisha. Nilichomoa plagi, nikamuuliza kama amepata wazimu.

"Ulikuwa umenyamaza," alisema.

Hakuwa anajitetea. Alikuwa anashangaa kweli. Nikamwomba ageukie ukuta, mimi niuwashe msumeno bila ubao na kuuzima, yeye anyooshe mkono ukishanyamaza. Alikubali kwa kiburi chake chote. Niliachia swichi. Mluzi ulikuwa bado umejaa chumba kizima alipounyoosha mkono, tena kwa uhakika, kama mwanafunzi anayejua jibu. Akageuka kunitazama, akaiona diski inazunguka.

Aliketi juu ya rundo la mbao, akavua miwani na kuifuta kwa shati, akaifuta na kuifuta mpaka nikashindwa kutazama. Nilimwonea huruma, na kwa mara ya kwanza nilimkasirikia hayati baba, maskini wa watu, aliyetutakia mema tu. Sheria yake ililinda vidole vya kaka miaka yote hiyo huku ikimla masikio.

Asubuhi alikuja amejipanga. Kabla ya kuchomeka plagi alichora alama nyeupe kwenye diski, akasema sasa atatumia macho, atangoja mpaka alama isimame. Nilisimama ubavuni pake. Alikata, akaachia swichi, akaikazia macho ile alama, na mkono wake ukaenda kabla alama haijasimama. Nadhani hata yeye hakujua kama umeenda. Nilimdaka kiwiko, tukayumba sote wawili.

Tuliposimama sawasawa aliutazama mkono ule.

"Mdogo wangu, mkono huu umezoea kusikiliza," alisema. "Hautangoja macho. Kata wewe."

Nilibishana naye. Nilimwambia tujaribu tena, nikamwambia daktari yupo, nikasema mengi, na sijui ni yapi yaliyomfika. Alikuwa ameshachukua msasa wangu na kwenda kuketi kwenye kigoda changu. Baadaye daktari alimpima, akatueleza kwamba masikio ya namna hiyo hayarudi.

Basi sasa nakata mimi. Nimenunua vifunika masikio, na diski naingoja kwa macho mpaka nione meno yake moja moja. Lakini sina mkono wa kaka. Ile fremu ya saluni niliirudia yote, na nilipoziunganisha pembe, mojawapo ilibaki na uwazi ambao hata mteja angeuona. Nilimpelekea kaka mwenyewe, nikamwekea mapajani, nikangoja aivunje. Nilitaka aivunje. Nilitamani aniite fundi wa mabanda ya kuku kama alivyozoea.

Alipitisha ukucha kwenye uwazi ule, akaurudisha, akaupitisha tena. Kisha akainama, akazoa unga wa mbao sakafuni, akauchanganya na gundi, akaziba, na kupiga msasa juu yake.

"Hautaonekana," alisema, kwa sauti kubwa mno, akanirudishia fremu.