Wamemficha Marehemu

“Kopo langu lina nini? Sema mbele za watu, Suzana! Lina nini?”

“Nani kasema lina kitu? Nimesema kila mtu anywee la kwake. Usafi tu, jirani.”

“Usafi umeanza leo? Mwaka mzima ulikuwa unanywea nini, masikio?”

Wapangaji wakaangua kicheko. Nyumba ile, jirani na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu huku upande wa Bulyanhulu, haikuwahi kukosa ugomvi wa asubuhi. Usipokuwa wa kamba ya kuanikia, basi wa zamu ya choo. Watu walitoka na miswaki midomoni, wasije wakapitwa na neno. Sostenes naye akasimama mlangoni kwake, kikombe cha chai mkononi, anatabasamu.

Upande wake ulikuwa wa Mama Noela, mwenye kopo, na nani asingekuwa upande huo? Mjane mcheshi aliyetoka Isaka, mpishi wa wachimbaji, mwenye wali na maharage ambayo watu huyasifia mpaka mashimoni. Kwenye kitambulisho anaitwa Klara, lakini ulizia Klara mtaani hapo uone. Utazungushwa mpaka jua lizame.

“Haya, umenilazimisha,” Suzana akasema, akichomoa simu kifuani. “Nasoma kama ilivyoandikwa, nisije nikaitwa mmbea. ‘Mama Noela, mpishi wa makarasha, alianza dawa za kupunguza makali ya virusi mwaka aliofiwa na mumewe, JINA LIMEFICHWA. Huzifuata MAHALI PAMEFICHWA ili majirani wasimwone.’ Ni mimi niliyeandika? Iko kwenye kila grupu, mpaka la wanakwaya!”

Kicheko kikakatika. Sostenes hakusikia kilichofuata. Maneno yale, jina limefichwa, aliyatunga yeye.

Alikuwa kijana wa kompyuta katika shirika dogo mjini Kahama, lililokuwa likirekodi simulizi za wanawake wa machimboni kuhusu afya zao. Bosi wake, Valerian, alimpa kazi ya kufuta kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Kurasa zilikuwa rundo. Sostenes akapakua mtandaoni maktaba ya programu. Si maktaba ya vitabu hii, ni kazi iliyokwisha andikwa na wajuzi wengine, wewe unaichomeka tu kwenye programu yako. Unailisha maandishi, nayo inanusa majina, namba za simu, vitambulisho, mahali anapokaa mtu, kisha inavifunika.

Ilinusa vizuri. Ilinusa kupita kiasi. Kila penye Mama Fulani ilipafunika, na kwa kuwa huku mwanamke akishazaa jina lake la usichana linawekwa kabatini, ripoti ikabaki matundu matupu.

“Hii ripoti au chekeche?” Valerian alimuuliza. “Wafadhili watasoma nini hapa?”

Basi Sostenes akaongeza sharti moja dogo: maneno yakianza na Mama, yaache yapite. Kwake yeye lile halikuwa jina, ilikuwa heshima tu. Jina ni lile la kwenye kitambulisho. Programu ikatii. Ikamfunika Klara asiyejulikana na mtu, ikamwacha Mama Noela anayejulikana mpaka na mbuzi wa mtaa. Sostenes hakurudia kusoma. Mashine si imeshasoma?

Pale uani, Mama Noela alikuwa bado amesimama.

“Wamemficha marehemu,” akasema polepole. “Yeye aliyejilalia zake, asiyegombana na mtu. Mimi niliye hai wameniacha mlangoni.”

Akabeba ndoo yake, akaenda kazini. Suzana sasa alikuwa akiitazama simu yake kama imemng'ata.

Sostenes akampigia Valerian. “Bosi, itoeni ile ripoti mtandaoni!”

“Tumeitoa tangu jana, kuna mtu alilalamika. Ila imeshapakuliwa, ndugu yangu, hata Geita wanayo. Tuombe Mungu.”

“Tuombe nini?”

“Wachoke kuisoma.”

Akafungua kompyuta, akalifuta lile sharti, akaiendesha programu upya. Kufumba na kufumbua Mama Noela akatoweka kwenye kurasa zote, kana kwamba hakuwahi kuzaa wala kuzaliwa. Kazi safi. Lakini hiyo safi ilikuwa moja tu, humo mezani kwake. Ile nyingine ilikuwa mifukoni mwa watu. Akaandika kwenye grupu la mtaa: “Jamani, futeni ile ripoti, ni siri ya mtu.” Waliokuwa hawajaiona wakauliza ripoti gani. Msamaria mwema mmoja akawarushia upya.

Mchana akaenda makarasha. Ilikuwa saa ya chakula, na mabenchi ya Mama Noela yalikuwa matupu. Ng'ambo ya barabara, kwa muuza mihogo, watu walisukumana. Enock, mchimbaji ambaye hakuna siku aliyotosheka na sahani moja, alipita haraka akishika tumbo.

“Leo nimeshiba, mayu, mama yangu!”

“Umeshibia nini, Enock? Vumbi?”

Mama Noela akacheka peke yake, kisha akaacha.

“Shikamoo, Mama Noela.”

“Marahaba, baba. Na wewe umeshiba?”

Sostenes akamweleza, amesimama juani. Mashine ya kufuta majina. Lile sharti. Kwamba ni yeye.

Mama Noela alisikiliza huku akigeuza wali usiohitaji kugeuzwa. “Yule dada wa kurekodi aliniapia. Kuna mashine, mama, hatakujua mtu. Mashine yenyewe ndiyo wewe?”

“Nimeshairekebisha, mama. Haitarudia.”

“Umeirekebisha.” Akaelekeza mdomo kule kwenye mihogo. “Na wale? Semina walikaa, waliambiwa ugonjwa huu hauambukizwi kwa wali. Walipiga na makofi. Wanajua, Sostenes, kama unavyojua wewe. Nenda basi ukafute humo vichwani mwao. Unaweza?”

“Siwezi, mama.”

“Kuna mwenzako huko Kahama anayeweza?”

“Hayupo.”

Akafunika sufuria, akafunua tena. Mvuke ukampiga usoni, akaufuta kwa ncha ya kanga, au labda haukuwa mvuke. Ng'ambo, watu walishika mihogo yao wakitazama nani yule kasimama pale, na anataka nini.

“Tangu alfajiri napika,” akasema. “Mkono haujui kupika kidogo.”

Mama Noela akavuta benchi la ndani ya kibanda, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akachukua sahani.

“Usinisimamie hapo kama mgambo. Umekula?”

“Bado.”

“Basi ingia ndani ule.”