Madereva Tisa na Kelele za Uwanjani

Taifa lilikuwa na miaka mitatu tu, na bendera yake bado haijapauka, siku madereva tisa wa malori walipokamatwa nchi jirani na kuitwa majasusi. Walikuwa wamebeba saruji. Mmoja wao alikuwa mume wa Mama Pacha. Wenzake walimwita Breki, kwa sababu kila jambo alilifanya polepole, hata kugombana.

Mama Pacha alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa. Alisimama kutwa mbele ya kasha la herufi za madini ya risasi, akizichomoa moja moja na kuzipanga kinyume, vidole vimeingia weusi usiotoka kwa sabuni. Ndiye aliyepanga mabango ya kwanza: WARUDISHENI WATU WETU.

Kila Jumamosi uwanja ulifurika. Bendera ya jirani ilichomwa, redio ikatangaza, na Mama Pacha na mama mkwe wake wakaketishwa viti vya mbele. Sokoni wauza mboga walimsukuma mbele wakisema, "Mke wa shujaa hapangi foleni." Ilimpa nguvu, hakuficha. Kwa mtu aliyekaa miezi mitano bila mume, kishindo cha watu wote wale kilikuwa kama mkono begani.

Mwezi wa sita jirani wakamwachia mmoja, dereva mzee aliyeugua mapafu. Mwenyekiti wa kamati iliyoandaa mikutano ile, mwalimu mwenye sauti iliyozoea madarasa makubwa, akampandisha jukwaani. Mzee alikohoa, akasema, "Nashukuru kurudi," akashuka. Watu wakasema mateso yamemfunga kinywa.

Kesho yake alibisha hodi kwa Mama Pacha. Hakuketi mpaka mlango ulipofungwa.

"Mwanangu, jana niliogopa kusema. Askari wa gereza wana redio. Mkichoma bendera Jumamosi, Jumapili sisi tunasimamishwa uani, juani, asubuhi mpaka jua lizame. Maji hakuna. Wiki mkitulia, tunapewa uji na tunakaa kivulini."

"Kila Jumapili, baba?"

"Kila Jumapili. Mwenzetu, Mrefu, alianguka mara ya tatu, hakuinuka tena. Hawajatangaza." Mzee akajifuta uso kwa kofia yake. "Mumeo kanituma: mwambie mke wangu akanyage breki."

Mama Pacha alicheka, na kicheko hakijaisha akawa analia.

Alikwenda kwa mwenyekiti, akamkuta anasahihisha madaftari.

"Shemeji, tukinyamaza watasahauliwa," mwenyekiti alisema. "Serikali yetu ingali changa, na mtoto haamki bila kelele."

"Ataamka. Lakini anayesimama juani si wewe."

Mwenyekiti aliiweka kalamu chini. "Na nikiwaambia watu wote wale waende nyumbani, unadhani watanisikia?"

"Basi nitawaambia mimi."

Jumamosi alisimama mbele ya kipaza sauti, akasema yote aliyoambiwa, isipokuwa kifo cha Mrefu, maana mkewe alikuwa palepale, mstari wa kwanza, na habari kama ile haipelekwi kwa spika. Kisha sauti moja ikapasuka: "Kanunuliwa!" Chupa ikamkosa sikio. Mama mkwe akainuka, akahamishia kiti chake mbali.

"Mwanangu ananyauka gerezani," alisema, "na wewe unawaziba midomo wanaomtetea!"

Jumatatu sokoni hakuna aliyeitikia salamu yake. Kazini msimamizi alimnyang'anya mabango, akampa kadi za arusi apange.

Dereva mzee alipopata habari, aliona aibu. "Nimekutuma vitani, nikabaki nyumbani," alisema. "Twende. Tuanzie kwa mke wa Mrefu."

Mke wa Mrefu alikuwa mfagizi wa shule. Walimkuta anakung'uta vitambaa vya ubao. Mzee alimpa habari kwa maneno machache, kofia mkononi. Mwanamke hakupiga yowe. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakimfika kifuani, akasema, "Mimi nilikuwa nikipiga makofi." Akarudia, "Nilikuwa mbele, nikipiga makofi."

Ndiye aliyewaongoza nyumba hadi nyumba kwa jamaa za waliobaki saba. Nyumba mbili walifukuzwa mara ya kwanza. Kwa mama mkwe wa Mama Pacha, mjane huyo alisema neno moja tu: "Mama, wako bado yuko hai." Bibi akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka.

Jumamosi iliyofuata viti vya mbele vilikuwa vitupu. Bila mama wala mke wa kuonyeshwa kwa kidole, hotuba zilipwaya. Wiki ya tatu mwenyekiti mwenyewe alitangaza kuwa mikutano imesimama, wajumbe wa serikali wapate nafasi ya kuzungumza.

Baada ya miezi miwili, wale saba walikabidhiwa kwenye daraja la mpakani, siku ya kazi, bila matarumbeta. Mchana ule msimamizi alimletea Mama Pacha kichwa cha habari cha gazeti la kesho yake: SAUTI YA WANANCHI YAVUNJA MINYORORO. Alikipanga herufi kwa herufi, bila kukosea. Hakuwa na wa kumbishia, na moyoni hakuwa na hakika kwamba ni uongo mtupu.

Breki alirudi mwembamba, shati likimpwaya kama la kuazima. Mama yake alimshika mashavu, kisha akamgeukia mkwewe, akasema, "Mama Pacha, mkaribishe mumeo." Lingine hakusema, na Mama Pacha hakungoja lingine.

Kamati ilimwita Breki uwanjani, akakataa. Aliomba mkewe ampeleke kwa mke wa Mrefu.

"Mwisho alisema nini?" mjane aliuliza.

"Alitutania kwamba yeye ndiye mrefu, basi jua linamfikia kwanza. Halafu aliomba maji. Hatukuwa nayo."

"Ilikuwa Jumapili ipi?"

Breki alimtazama mkewe, kisha akaitaja tarehe. Mjane akahesabu kwa vidole, akajua alikuwa wapi siku iliyotangulia. Hakulia mbele yao. Aliinuka, akauliza kama wamekula.