Bi Kidole wa Kwetu

Siku ya kuzindua riwaya yake, mwandishi alikuwa roho juu tangu asubuhi. Wahakiki hawakumtisha, ila ndugu zake walikuwa wameshakisoma kitabu, na wote walikuwa wanakuja. Ndani yake kulikuwa na Bi Kidole, mwanamke mjuaji anayewapangia watu maisha yao hadi rangi ya mapazia. Bi Kidole huyo alikuwa dada yake mkubwa mtupu, kabadilishwa kilemba tu.

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Dada mtu, muuguzi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, alimvuta pembeni.

"Mdogo wangu, umempatia. Bi Kidole ni wifi yetu kabisa."

"Ni mtu wa kubuni, dada."

"Hayo kawaambie wageni."

Punde wifi naye akamnong'oneza, "Ni shangazi yenu, sivyo? Simwambii mtu."

Shangazi yeye aliapa kwamba ni jirani yao wa zamani. Mwandishi akashusha pumzi, akapanda jukwaani kwa madaha. Akasoma pale Bi Kidole anapopanga upya jiko la mama yake bila ruhusa, kisha anamlaumu mama wa watu kwa kupoteza vitu. Watu walicheka, wa kwao wakicheka kuliko wote.

Baadaye alikaa mezani kutia sahihi vitabu. Mama yake akasogeza chake.

"Mimi nimemjua, mwanangu."

"Umemjua nani, mama?"

"Bi Kidole. Nani alihamisha vyombo vyangu, mpaka leo sijui kichujio cha chai kiko wapi?"

Kalamu ikagoma hewani. Dada yake hajawahi kugusa hata kijiko cha mama.

"Na mapazia?" aliuliza taratibu.

"Na mapazia. Mimi kijani sikipendi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ulikuwa juu ya ngazi, unayatundika."

Uso ulimwaka moto, kisha kicheko kikamponyoka, akacheka mpaka machozi. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mama, wakarudisha vyombo mahali pake. Mama alikaa kitini akielekeza, naye akatii, ingawa ile sufuria kubwa ingekaa vizuri zaidi chini ya meza. Alifungua mdomo aseme, mama akamtazama, akaufunga.